Somo la Sokoni, Mara Kumi na Moja

Treni ilinichukua siku tatu kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, ingawa ratiba iliahidi mbili. Injini ilikufa kabla ya Dodoma, ikafufuliwa, ikafa tena mbele ya Tabora. Behewa letu la daraja la tatu lilikuwa na choo kimoja kilichoziba tangu Morogoro. Watu wenye aibu walijikaza hadi stesheni, wakashuka na kukimbilia vichakani huku honi ikiwaita. Mimi hilo halikunisumbua. Nilikuwa nimetoka kwenye meli ya Wahispania ya kuvua jodari, ambamo kwa miaka sita nililala chumba kimoja na wanaume saba na soksi zao. Kilichonitia aibu baadaye, kila nikiikumbuka safari ile, ni barua iliyokuwa mfukoni mwangu. Niliisoma kila baada ya stesheni mbili, na kila nikiisoma nilijiona mtu mkubwa.

Ilitoka kwa mkuu wa chuo kipya cha Mwanza. Mtu niliyesoma naye sekondari alikuwa amemwambia kwamba anamfahamu kijana anayekimwaga Kihispania kama maji. Mkuu aliandika kwamba chuo chake kinaanzisha mafunzo ya uzamili kwa watu wenye digrii wanaotaka kuwa walimu wa Kihispania, wa kwanza katika nchi nzima, na kwamba kwa heshima kubwa ananiomba niwe msaidizi wa lugha. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, daraja la tatu. Lugha yenyewe niliipatia kwenye chumba cha baridi cha meli, nikipanga samaki walioganda, nikitukanwa na kujifunza namna ya kujibu. Sasa nilikuwa naenda kuwafundisha wasomi. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu aliniuliza kama barua ile ni ya mchumba.

Meli niliiacha kwa hiari yangu. Nilipokuwa baharini nililia nchi kavu. Treni haijafika Kilosa nilikuwa nimeanza kulilia bahari. Ndivyo nilivyo mpaka leo, na nimepita miaka arobaini. Sehemu niliyoiacha ndiyo huwa nzuri. Mwanza ni sehemu pekee niliyoiacha ambayo sijawahi kuitamani.

Chuo kilikuwa Nyakato, ndani ya ghala la zamani la pamba. Shirika lililokuwa na ghala lile lilikuwa limekufa, kama mashirika mengi miaka ile, na kila jengo lililobaki tupu lilipata mwenye mawazo. Mkuu alilikodi, akalikata vyumba kwa mbao nyembamba, akapaka chokaa mpaka usawa wa kifua chokaa ilipoishia. Nyuzi za pamba zilibaki kwenye kenchi, na upepo ukivuma zilidondokea kwenye madaftari. Barabara ya mbele ilipitiwa na malori kutoka viwanda vya samaki, yamebeba mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara vinavyobaki minofu ikishakatwa kwenda Ulaya. Malori yalichuruzika. Maji yale yalikauka juani yakaacha utando unaong'aa, na nzi waliotoka pale waliingia darasani bila kubisha hodi. Tulifundisha madirisha yakiwa yamefungwa. Ndani kulinuka watu, nje kulinuka samaki, na ukichoka na harufu moja unafungua kidogo upate nyingine.

Mkuu alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mnene, mpole, aliyewahi kuwa ofisa elimu kabla ya kupunguzwa kazini. Hakuwa mtu mbaya kwa maana ile ya kugombeza watu. Alinipokea kwa soda na kunieleza hesabu zake: wanunuzi wa minofu wengi ni Wahispania, wanunuzi huja na lugha yao, shule binafsi zinafunguliwa kila kona na zote zinatafuta kitu ambacho jirani hana. Basi atakayekuwa na walimu ndiye atakayekuwa na shule. Alisema haya huku akichokonoa meno kwa kona ya fomu ya maombi, akiitazama kona hiyo, akiifuta kwenye suruali, kisha akaipanga fomu pamoja na zingine.

Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, wote na digrii zao. Serikali ilikuwa imepunguza kuajiri, na wengine walikuwa wamekaa na majoho ya mahafali kabatini miaka miwili, mitatu. Asubuhi walifundishwa falsafa ya elimu, saikolojia na mbinu za kufundishia, na wakufunzi waliosoma kutoka kwenye daftari za manjano walizoandika wao wenyewe wakiwa wanafunzi. Mkufunzi alisoma, wao wakaandika, mkufunzi akafunga daftari. Mchana walikuja kwangu. Darasani waliniita mwalimu, na nje waliniita baharia. Kumi na mmoja hawakutaka Kihispania hata kidogo, walitaka cheti. Walinisikiliza wakiwa wameegemeza vidole mashavuni, na nikimwomba mtu aseme sentensi moja alitabasamu akaniambia, "Wewe endelea tu mwalimu, tutakiona kwenye notisi."

Wa kumi na mbili alikuwa mwanamke wa kutoka Majita, kando ya ziwa upande wa Mara. Alikuwa mwalimu wa serikali kabla ya kuacha kazi aje kusoma. Alikuwa mjane, na watoto wake wawili waliishi kwa mama yake kwa sababu nyumba ya marehemu walishaingia mashemeji. Masista wenye shule ya wasichana ng'ambo ya Busisi walikuwa wamemwahidi nafasi ya kufundisha lugha kuanzia Januari, pamoja na nyumba ndani ya uzio wa shule. Alichotakiwa kuleta ni cheti cha uzamili chenye alama ya kufaulu mazoezi ya kufundisha. Nyumba hiyo alikuwa ameshakwenda kuiona. Alinisimulia ilivyo: vyumba viwili, jiko la nje, na mlango wenye kufuli ambalo ufunguo wake atakaa nao yeye. Hakuzungumzia kitu kingine kwa furaha kama ufunguo huo.

Alijifunza kwa hasira. Aliniuliza maswali hadi nikakosa majibu, na nikikosa aliniambia, "Baharia, umeishiwa pwani," akacheka. Baada ya miezi mitano alikuwa anazungumza. Kwa makosa, lakini alikuwa anazungumza, na yeye peke yake.

Mwezi wa kumi mkuu aliniita ofisini na kufunga mlango. Mtahini wa nje anakuja kutoka Dar es Salaam kuwatazama wakifundisha, akasema, na wewe unajua na mimi najua kwamba hawa watu hawawezi kuunganisha maneno matatu. Alikuwa na mpango. Kulikuwa na shule mpya ya kutwa kule Mkolani iliyokuwa imetukopesha kidato cha pili kwa mazoezi, na tangu mwanzo mimi niliwapitia watoto wale mara moja kwa wiki kuwapa Kihispania kidogo. Mimi niandike somo moja, dakika arobaini, maswali na majibu, na watoto wale wafundishwe walishike. Kila mwalimu mtarajiwa atafundisha somo hilohilo, akibadilisha bidhaa tu: huyu nyanya, yule vitunguu, yule machungwa. Mtahini mwenyewe ni bingwa wa mbinu za kufundishia, lakini Kihispania hajui hata salamu. Atakaa nyuma, na mimi nitakaa pembeni yake kumnong'oneza kinachosemwa.

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikaliandika somo lile kwa siku mbili, nikaliita Sokoni, nikalipenda. Lilikuwa na muuzaji, mnunuzi, kupatana bei, na kichekesho kimoja katikati ambapo wanafunzi wote walitakiwa kucheka. Jumamosi tatu mfululizo tulikwenda Mkolani kuwakaririsha watoto. Tuliwafundisha ujanja ambao nadhani kila mtu aliyesoma nchi hii anaujua: mwalimu akiuliza, wote wanyooshe mikono, anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia, na mgeni anaona msitu wa mikono. Watoto waliupenda mchezo ule kuliko somo. Kufikia Jumamosi ya tatu walikuwa wanacheka kwenye kichekesho kabla hakijasemwa.

Mwanamke wa Majita alikuja Jumamosi ya kwanza, akatazama, hakuja tena. Alimwambia mkuu kwamba yeye atafundisha somo lake. Mkuu akamwomba, kisha akamsihi, kisha akamwambia mbele yetu, "Madam, usituharibie. Pita na wenzako, mengine utayafanya huko kwa masista wako."

"Huko kwa masista nitawafundisha nini, mzee?" akauliza. "Hao hawana mtahini wa kukaa nyuma."

Wenzake walimcheka. Mmoja alisema anajifanya ametoka Madrid juzi.

Mtahini alikuja na begi la ngozi na kalamu ya wino. Alikuwa mtu safi, anayenawa mikono kabla na baada ya kila kipindi, na sikumlaumu. Kwa siku mbili tulikaa wawili kwenye dawati la nyuma kule Mkolani na Sokoni likapita mbele yetu mara kumi na moja. Mikono juu. Nyanya. Kicheko. Mikono juu. Vitunguu. Kicheko. Nilimnong'oneza, "Anauliza bei," "Amejibu vizuri," "Sasa wanapatana." Mtahini aliandika. Alisema ameshangazwa na ushiriki wa wanafunzi, hajauona hata kwenye shule kubwa. Kufikia mara ya saba nilianza kuona kichefuchefu cha kweli, cha tumboni, kama mtu aliyekula chakula kilekile kilichotapikwa. Lakini kila mtahini aliposifu, nilisikia raha kidogo pia, kwa sababu maneno yalikuwa yangu. Hiyo ndiyo sehemu inayonichukiza zaidi leo. Nilichefukwa huku nafurahi.

Mwanamke wa Majita aliwekwa wa mwisho. Aliingia na sangara mbichi, saizi ya mkono, amefungwa kwenye gazeti, akamlaza mezani juu ya trei. Hiyo ndiyo ilikuwa zana yake. Alianza kwa Kihispania, polepole, akionyesha: kichwa, jicho, minofu, mkia. Akauliza swali. Watoto wakatazamana. Swali hili halikuwamo. Mkono mmoja wa kulia ukapanda, ukashuka, ukapanda wa kushoto. Akauliza tena kwa namna nyingine. Mtahini akatazama saa yake. Mwanamke yule hakuharakisha. Alimwita mtoto mmojammoja mezani, akamshikisha samaki, akamwambia neno, akasubiri. Wengine walisema, wengine walinusa vidole wakarudi kwenye viti. Dakika thelathini na tano zilipita hivyo, na mtu asiyejua lugha angeona tu darasa lililonyamaza na mwalimu anayebembeleza.

Ndipo akasimama msichana mmoja mrefu wa dawati la dirishani. Nilikuwa nimemfahamu kwa sababu katika Sokoni alikuwa mkono wa kushoto siku zote. Akaja mezani, akakishika kichwa cha samaki kwa vidole viwili, akauliza, kwa Kihispania kilichochechemea, akitafuta kila neno darini: huko kunakokwenda minofu, kichwa anakula nani?

Katika miezi yote ile ilikuwa sentensi ya kwanza kusemwa na mtoto bila kuandikiwa na mimi. Mwalimu wake alisimama akamtazama. Akamjibu kwa Kihispania kwamba hakuna anayekila, wengi huko hawajawahi kukiona. Mikono mitatu ikapanda, ya kulia na ya kushoto, ovyo. Halafu rimu la gari lililokuwa kengele ya shule likagongwa, kipindi kikaisha.

Mtahini akaniinamia. "Yule binti amesema nini?"

Mahali pale nimerudi mara nyingi. Ningemwambia kweli, angeuliza kwa nini wengine wote hawakuuliza kitu kwa siku mbili. Angeuliza nani aliandika. Hiyo ni sababu moja, na watu niliowasimulia huishia hapo, wananisamehe. Kuna nyingine. Somo lile halikuwa langu. Lilikuwa limefanya kwa samaki mmoja kile ambacho mimi sikukifanya kwa miezi mitano, na lilinichoma.

"Hajaelewa somo, mzee," nikasema. "Anauliza mambo mengine."

Akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri.

Matokeo yalibandikwa wiki tatu baadaye kwenye mlango wa ghala. Kumi na mmoja walifaulu. Yeye aliandikiwa kwamba hakufaulu mazoezi ya kufundisha na atayarudia mwaka unaofuata. Wenzake walinunua bia, wakamwachia chupa moja mezani kwa utani, na mmoja alimwambia amuulize sangara wake amsaidie. Aliwaacha hapohapo. Alinikuta nafuta ubao.

"Baharia. Yule mtoto alisema nini?"

"Unajua alichosema."

"Mimi najua. Nataka kujua wewe ulimwambia mtahini alisema nini."

Nikamwambia. Alisikiliza ametazama chini, kama mtu anayesikiliza idadi ya vitu vilivyoibiwa.

"Basi kaandike," akasema. "Andika alichosema, weka sahihi, kipelekwe Dar es Salaam. Januari haijafika."

"Nikiandika, wenzako kumi na mmoja wameanguka."

"Sijakuuliza habari zao."

Niliandika barua ya kurasa mbili. Nilieleza somo la Sokoni, mikono, na swali la binti. Nilimpelekea mkuu nikitegemea kufukuzwa, na moyoni nilitaka kufukuzwa. Nilidhani nikifukuzwa nitajisikia msafi. Aliisoma yote. Kisha akaagiza soda, akanifungulia kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Peleka tu, kijana. Nitakupa na muhuri." Na kweli aligonga muhuri. Nilitoka pale nimechanganyikiwa na nina gesi tumboni.

Jibu lilikuja baada ya mwezi mmoja, aya moja yenye mwandiko ule mzuri. Ilisema kwamba mtarajiwa alitathminiwa na mtaalamu. Kwamba mwandishi wa barua ana elimu ya kidato cha nne na hana sifa ya kutathmini mafunzo ya ngazi ya uzamili. Kwa hiyo maelezo yake hayawezi kupokelewa. Mkuu alijua tangu alipofungua ile soda.

Nilimpelekea mwanamke yule barua hiyo kwenye chumba alichopanga Mkolani. Alikuwa ameshafunga mizigo yake kwenye kitenge. Aliisoma amesimama mlangoni, akanirudishia.

"Kumbe siku ile kwenye dawati la nyuma, ukimnong'oneza, digrii ulikuwa nayo," akasema.

Hakusema kwa sauti ya juu. Aliniomba nimtwishe mzigo, nikamtwisha, akaondoka kwenda Majita. Sikumwona tena.

Ningeondoka siku ileile, lakini sikuondoka. Nilikaa mwezi na zaidi, nikila mshahara. Watarajiwa wapya walikuja, wengi kuliko wa kwanza, kwa sababu habari zilikuwa zimesambaa kwamba chuo kile hakiangushi watu. Mkuu aliniita, akaniambia safari hii tuandike masomo mawili ili mtahini asichoke, na akapendekeza moja liwe Hospitalini. Nilikaa mezani kwangu, nikachukua karatasi. Nilikuwa nimefika mstari wa nne, mgonjwa anasema anaumwa wapi, na nikawa tayari nimeshaweka pembeni alama ya mahali ambapo darasa litacheka. Niliitazama alama ile kwa muda. Kisha nikaingia uani nikatapika kweli, chai na maandazi, na mama mwenye nyumba akaniuliza kama ni malaria.

Kesho yake asubuhi nilichukua begi langu nikapanda gari hadi Kigongo, nikavuka kwa kivuko hadi Busisi. Nia yangu ilikuwa Geita, na mbele ya hapo popote. Lakini shule ya masista ilikuwa njiani, nikashuka. Sista mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, Msukuma, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Nilimwamkia, akaitikia, akaniketisha. Nikamweleza yote, kuanzia Sokoni hadi barua. Alinisikiliza bila kunikatiza, akanimiminia chai.

Nafasi ilikuwa imeshajazwa, akaniambia. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuja na cheti wiki ya kwanza ya Januari, na bodi haikuwa na sababu ya kumkataa. Anakaa kwenye ile nyumba na mke wake.

"Anafundisha?" nikauliza.

"Anaingia darasani," akasema sista.

Kisha akaniuliza kama yule mama alikuwa mwalimu mzuri. Nikasema ndiyo, mzuri kuliko wote niliowaona.

"Sasa mwanangu," akasema, "ulipoulizwa na aliyekuwa na kalamu, kwa nini hukusema hivyo?"

Hakuuliza kwa ukali. Alisubiri jibu kweli, kikombe mkononi, akinitazama kupitia miwani yake yenye plasta. Nilikunywa chai hadi mwisho kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mdomo wangu. Akaniuliza kama najua mama huyo anaishi kijiji gani huko Majita, wamwandikie endapo mwakani kutakuwa na nafasi. Sikujua. Miezi yote ile alinieleza ukubwa wa vyumba na ufunguo, na mimi sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi hasa.

Sista akaniaga, akarudi kwenye kazi zake. Nilisimama barabarani hadi lori la kwenda Geita liliposimama, nikapanda nyuma juu ya magunia ya saruji. Mwanza sijarudi.